Viza ya baada ya masomo si dhamana ya mkopo

Ifikapo miezi ya Julai na Agosti kila mwaka, harambee za kuwachangia vijana wanaokwenda kusoma ng'ambo hufanyika kote nchini, makanisani, katika kumbi za hoteli na kwenye viwanja vya shule za msingi. Jamaa hukusanyika, mzee wa ukoo akatoa neno, mgeni wa heshima akatoa bahasha, na majina ya wachangaji yakasomwa kwa sauti. Hilo ni jambo jema, na ni desturi ambayo taifa hili lina haki ya kuionea fahari. Linalotutia wasiwasi ni hesabu inayofanywa kabla ya harambee hiyo, nyumbani usiku, baina ya baba, mama na wakala aliyewaletea fomu za chuo.

Hesabu yenyewe aghalabu huwa hivi. Karo italipwa kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo pamoja na bei ya kipande cha shamba. Kijana atasoma mwaka mmoja, atapata shahada ya uzamili, kisha serikali ya huko itampa viza ya kubaki miaka miwili akifanya kazi. Katika miaka miwili hiyo atalipa deni, atamsomesha mdogo wake na kulikomboa shamba. Yaani viza ambayo haijatolewa, wala haijaombwa, imekwisha kuwekwa rehani.

Twasema bila ya kuuma maneno kwamba hesabu hiyo ni ya hatari. Si kwamba viza hizo hazipo. Zipo, na Wakenya wengi wamezitumia wakanufaika, na sehemu ya zile dola bilioni 4.9 ambazo Benki Kuu ya Kenya ilieleza kuwa zilitumwa nyumbani na ndugu zetu wa ng'ambo mwaka 2024 ilitoka katika mifuko ya watu wa namna hiyo. Hatari ni kwamba viza hizo ni mali ya serikali nyingine. Serikali hizo zilizianzisha kwa maslahi yao wenyewe, nazo huzibadili zinapotaka, mara nyingi mwanafunzi akiwa angali darasani.

Uingereza, ambako wengi wetu hupenda kwenda kwa sababu ya lugha na mazoea, inatosha kuwa mfano. Mnamo 2008 nchi hiyo ilianzisha viza iliyomruhusu mhitimu wa chuo kikuu kutoka nje kubaki miaka miwili na kufanya kazi bila ya kudhaminiwa na mwajiri. Aprili 2012, Bi Theresa May akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, viza hiyo ilifutwa. Waliokuwa wamelipa karo kwa matumaini ya miaka miwili wakajikuta wana miezi michache tu ya kumtafuta mwajiri wa kuwadhamini, la sivyo wafunge mizigo. Hali ikadumu hivyo kwa takriban miaka tisa. Vyuo vikuu vilipolalamika kwamba wanafunzi wanakimbilia Kanada na Australia, serikali ilitangaza Septemba 2019 kuwa ingeurudisha mpango huo, na Julai 1, 2021 mlango ukafunguliwa tena: miaka miwili kwa mwenye shahada ya kwanza au ya uzamili, mitatu kwa mwenye shahada ya uzamifu.

Sasa mlango huo umeanza kurudishwa. Mei 2025 serikali ya chama cha Labour ilichapisha waraka wa sera ya uhamiaji, ikinung'unika kwamba wahitimu wengi kutoka nje hawafanyi kazi zinazolingana na shahada zao. Oktoba mwaka huo huo kanuni zikabadilishwa. Anayeomba viza ya mhitimu kuanzia Januari 1, 2027 hupewa miezi 18 badala ya 24. Wa uzamifu peke yao hawakuguswa.

Msomaji na aitazame vyema tarehe hiyo. Kinachohesabiwa si siku kijana alipojiunga na chuo, bali siku anapoomba viza, naye hawezi kuomba kabla chuo hakijaiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba amemaliza na kufaulu. Basi chukua vijana wawili, mmoja aliyeanza Septemba 2025 na mwenzake aliyeanza Januari 2026, kozi yao ni ile ile ya mwaka mmoja na karo yao ni ile ile. Wa kwanza ana nafasi ya kuwahi kabla ya mwaka 2026 kwisha. Wa pili yumkini hana. Hata huyo wa kwanza, tasnifu yake ikirudishwa kwa masahihisho na matokeo yakachelewa hadi baada ya Krismasi, miezi sita imemponyoka. Na miezi sita ya mshahara wa huko ni sehemu kubwa ya mkopo wa huku.

Fauka ya hayo, viza hiyo si ya bure. Kwa viwango vya mwaka 2025, ada ya maombi ilikuwa pauni 880, na juu yake ikatozwa ada ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa kukaa. Kwa miaka miwili hizo ni pauni 2,950, takriban nusu milioni ya shilingi zetu, nazo hulipwa kwa mkupuo, kabla mhitimu hajapata hata mshahara wa kwanza. Ni wazazi wangapi walioelezwa kwamba baada ya karo yote kwisha watapigiwa simu kuombwa nusu milioni nyingine? Kadhalika, ombi sharti lifanywe mhitimu akiwa ndani ya Uingereza na viza yake ya masomo ikiwa haijakwisha. Anayekuja nyumbani kwa mazishi au harusi kabla ya kuomba, naye viza yake ya masomo ikaisha akiwa huku, amejifungia nje kwa mkono wake.

Viza hiyo hutolewa mara moja tu baada ya masomo hayo na hairefushwi. Wala muda wake hauhesabiwi katika ile miaka ambayo mgeni hutakiwa kuitimiza kabla ya kuomba ukaaji wa kudumu. Ni daraja, wala si nyumba. Anayetaka kuendelea kubaki hana budi kuhamia viza ya mfanyakazi stadi, na huko ndiko mambo yalikozidi kukaza. Kiwango cha chini cha mshahara kwa viza hiyo kilikuwa pauni 26,200 kwa mwaka hadi Aprili 2024. Kikapandishwa hadi pauni 38,700. Na Julai 22, 2025 kikapandishwa tena hadi pauni 41,700, kazi yenyewe nayo ikatakiwa iwe ya kiwango cha shahada. Wahitimu wapya hupunguziwa kiwango hicho, lakini nafuu hiyo ina ukomo wa miaka minne, na muda waliokaa kwa viza ya mhitimu huhesabiwa ndani ya miaka minne hiyo. Kijana aliyeitumia miaka yake miwili kupakia masanduku ghalani na kuwalisha wazee katika nyumba za kutunzia wakongwe ameila nusu ya nafuu yake bila ya kujua. Hatuzidharau kazi hizo. Zina heshima yake na zimejenga nyumba nyingi kwetu. Twasema tu kwamba saa inakwenda, na aghalabu aliyekuja kusoma uhasibu huambiwa hivyo siku ya mwisho. Hata ule mlango wa kazi za utunzaji ulifungwa siku hiyo hiyo ya Julai 22, 2025 kwa wanaoajiriwa kutoka nje ya nchi.

Tuvuke bahari twende Marekani. Huko mwenye viza ya masomo ya kundi la F-1 huruhusiwa kufanya kazi ya fani aliyosomea kwa miezi 12 baada ya kuhitimu, utaratibu ambao wanafunzi wenyewe huuita OPT. Waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hesabati huweza kuongezewa miezi 24, iwapo mwajiri wao ametimiza masharti. Maombi hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya masomo kwisha hadi siku 60 baada yake. Anayechelewa zaidi ya hapo amekosa. Na sharti lililowanasa wengi ni hili: katika ile miezi 12 ya kwanza, siku za kukaa bila kazi zikizidi 90 kwa jumla, ruhusa huvunjika. Mhitimu anayengoja kazi ya hadhi yake, akakataa ndogo ndogo, huweza kuamka siku moja akiwa hana kazi wala haki ya kuitafuta.

Baada ya hapo hubaki viza ya H-1B, na hiyo ni bahati nasibu kwa maana halisi ya neno. Nafasi kwa mwaka ni 85,000, ambazo 20,000 kati yake ni za wenye shahada za juu kutoka vyuo vya Marekani, nao waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Septemba 2025 Rais Donald Trump alitoa tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo. Kwa siku kadhaa hapakuwa na aliyejua tangazo lilimhusu nani hasa. Mwezi uliofuata ndipo maafisa wa huko walipoeleza kwamba halikuwagusa wanaobadilisha viza wakiwa tayari ndani ya nchi, kama wahitimu wengi walivyo. Afueni ilikuwa kubwa, lakini fikiri siku zile zilikuwaje kwa mzazi wa Kisii au Murang'a aliyeisikia habari hiyo redioni.

Australia nayo ilishusha umri. Hadi katikati ya 2024 mhitimu wa hadi miaka 50 aliweza kuomba viza ya muda ya wahitimu. Kuanzia Julai 1, 2024 ukomo ukawa miaka 35 kwa wengi wao, isipokuwa waliosoma shahada za utafiti na makundi machache mengine. Mwalimu au muuguzi wa Kenya aliyeacha kazi akiwa na miaka 38 kwenda kuongeza elimu alishtukia, akiwa katikati ya kozi aliyokwisha kuilipia, kuwa mlango wa mbele yake haupo tena.

Hatuzilaumu nchi hizo kwa kulinda mipaka yao. Kila serikali ina haki ya kuamua nani aingie, nani atoke, nasi tuna kanuni zetu ambazo wageni hawazipendi. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kubadilisha masharti kwa wanaokuja na kuyabadilisha kwa waliokwisha kuja. Vyuo vya ng'ambo hupanga meza zao katika maonyesho ya elimu kwenye hoteli za Nairobi, na miongoni mwa mambo yanayotajwa kwanza ni viza ya kazi baada ya masomo. Kinachotangazwa pamoja na bidhaa ni sehemu ya bidhaa. Mwenye duka akishapokea fedha hawezi kuja siku ya pili kuchukua nusu ya mzigo.

Na hapa yafaa tuitaje Kanada kwa wema, ingawa nayo imekaza kamba. Mwaka 2024 nchi hiyo iliweka ukomo wa idadi ya vibali vya masomo, ikawanyima kibali cha kazi wahitimu wa vyuo vya kibinafsi vinavyofundisha mitaala ya vyuo vya umma kwa mkataba, na ikawataka wanaosoma katika vyuo visivyo vikuu wawe katika fani zinazohitajika. Lakini kwa yale mawili ya mwisho iliweka tarehe kwa haki: la mkataba likawahusu walioanza kozi kuanzia Mei 15, 2024, na la fani likawahusu waliopeleka maombi ya kibali cha masomo kuanzia Novemba 1, 2024. Waliotangulia waliachiwa ahadi yao. Uingereza ilitoa notisi ya zaidi ya mwaka, na hilo twalikiri, lakini haikuwatenga waliokuwa darasani. Australia vile vile haikuwatenga. Kama jambo liliwezekana Ottawa, London na Canberra zina udhuru gani? Hili ndilo ambalo Wizara yetu ya Mashauri ya Kigeni ingepaswa kulipeleka mezani kila inapokutana na wakuu wa nchi hizo, badala ya kuomba tu nafasi zaidi za wanafunzi.

Mazungumzo hayo yanawezekana. Septemba 2024, mjini Berlin, Kenya ilitia saini na Ujerumani mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi. Ujerumani huwapa wahitimu wa vyuo vyake miezi 18 ya kutafuta kazi ya taaluma yao, na wakati huo huwaruhusu kufanya kazi yoyote ya kuwapatia riziki. Vyuo vingi vya umma huko havitozi karo, ila mwanafunzi huonyesha akiba ya kujikimu, ambayo tangu Septemba 2024 iliwekwa kuwa Yuro 11,904 kwa mwaka. Kikwazo ni lugha, na si kikwazo kidogo. Hata hivyo twaona ajabu kwamba mawakala hawaisifu Ujerumani kwa nguvu wanazozisifu nchi zenye karo kubwa. Anayelipwa kamisheni kutoka katika karo hana sababu ya kumpeleka mtu kusiko na karo.

Kuna watakaosema kwamba zamani mambo hayakuwa hivi, na kweli hayakuwa. Ndege ya kwanza iliyopangwa na marehemu Tom Mboya iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kugharimia safari za wengine, kiasi kile kile, kwa tarakimu, ambacho Marekani ilikitangaza kuwa ada ya viza moja mwaka 2025. Vijana wale hawakuwa wakitafuta viza ya baada ya masomo kwa sababu nchi iliyokaribia uhuru ilikuwa ikiwangoja, na viti katika ofisi vilikuwa vitupu. Lakini tusipake historia rangi. Wangari Maathai, aliyeondoka 1960, alirejea 1966 akiwa na barua ya kazi katika Chuo Kikuu cha Nairobi cha wakati huo, akakuta nafasi yake imepewa mtu mwingine. Alipata kazi nyingine katika chuo hicho hicho na yaliyofuata dunia inayajua. Wangapi waliokuta viti vyao vimekaliwa wakageuka na kurudi walikotoka, bila ya sisi kuyajua majina yao?

Hilo latufikisha kwenye wajibu wetu wenyewe. Mhitimu hulia na viza ya ng'ambo kwa sababu anaogopa kurudi. Anajua kwamba shahada yake sharti itambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwamba kuna ada na kungoja, na anajua wenzake waliohitimu hapa hapa wamekaa bila kazi. Serikali iliyo makini ingemruhusu aanze shughuli ya kutambuliwa kwa shahada yake akiwa angali chuoni huko, kupitia ubalozi, ili siku akitua awe na cheti mkononi.

Kuhusu mawakala, sheria tunayo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliipa Tume hiyo hiyo jukumu la kuwapa leseni mawakala wanaosajili wanafunzi nchini. Basi orodha ya wenye leseni na ichapishwe magazetini kabla ya kila msimu wa maombi, kwa Kiswahili na Kiingereza, na wakala anayeahidi viza ya kazi kana kwamba inatoka mfukoni mwake anyang'anywe yake. Wazazi wa Uasin Gishu hawakudanganywa na wakala wa vichochoroni. Walilipa fedha katika mpango uliosimamiwa na kaunti wenyewe, wa kuwapeleka watoto Finland na Kanada, na mwaka 2023 walijikuta wakiandamana Eldoret ilhali baadhi ya watoto waliokwisha kufika Finland walitishiwa kufukuzwa kwa sababu ya karo. Jambo hilo lilifikishwa mahakamani. Mtu aliyepita hapo hawezi kuambiwa tu ajihadhari. Anahitaji ofisi ya kumjibu kabla hajalipa.

Wahenga walisema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Mzazi anayesoma ukurasa huu na aifanye hesabu upya, viza ya kazi ikiwa imeondolewa kabisa. Je, karo na malazi vitalipika? Je, kijana akirudi siku ya pili baada ya kuhitimu, mkopo utalipwa kwa mshahara wa hapa, kwa miaka mingapi? Jibu likiwa ndiyo, hata kwa taabu, basi na aende, na viza ikipatikana itakuwa neema. Likiwa la, kuna vyuo vya karo ndogo, kuna ufadhili, na kuna vyuo vyetu wenyewe.

Na kwa wale walioko huko tayari, walio katika muhula wa mwisho: usimsikilize mwenzako wa chumbani wala ndugu aliyehitimu 2022, maana kanuni zake si zako. Kila chuo kina afisa wa wanafunzi wa kimataifa, naye halipwi kwa kamisheni ya karo yako. Mwendee sasa, ukiwa na pasipoti mkononi, umuulize mambo matatu: viza yangu ya masomo inakwisha lini, chuo kitapeleka lini taarifa kwamba nimemaliza, na siku ya mwisho ya kuomba ni ipi. Ziandike tarehe hizo, uwatumie na wazazi nyumbani.